Ofisa Aliyevua Magwanda Akajenga Shule: Maisha ya Geoffrey Griffin wa Starehe

Majuma machache yaliyopita kazi ilituvusha kwa mashua kutoka Kamembe hadi kisiwa cha Nkombo, katika ziwa Kivu. Ni kisiwa cha wavuvi wa sambaza na wakulima wa vishamba vya mteremkoni, kinachotazamana na nchi ya Kongo, na mtu wa huko akitaka soko kubwa au shule iliyo mbali na nyumbani hana budi kuvuka maji. Tulipokuwa tukingoja mashua ya kurudi, walikuwapo gatini vijana kadhaa waliovaa sare za shule, vifuko mgongoni, nao wakingoja. Sajini mmoja aliyekuwa pamoja nasi aliwatazama kwa muda, kisha akatamka neno lililotukaa moyoni. Alisema kwamba vijana wa namna hii wakiingia mjini huangukia katika shule ambazo mwalimu hata majina ya wanafunzi wake hayajui, halafu huonekana sokoni, na mwisho huletwa kituoni wamefungwa pingu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa uchovu wa mtu aliyeyaona hayo mara nyingi, akaongeza kwamba mtoto wa maskini akishauonja mji hafundishiki tena.

Hatukubishana naye pale, maana mashua ilikuwa imekwisha kufika. Lakini tulipokuwa majini tulikumbuka maisha ya mtu mmoja aliyewahi kuvaa magwanda kama sisi, akakabidhiwa vijana ambao serikali yake yenyewe iliwaita maadui, na kwa muda wa karibu nusu karne akaonyesha kinyume cha maneno ya sajini wetu. Mtu huyo ni Geoffrey William Griffin, mwanzilishi wa Shule ya Starehe ya Nairobi, aliyefariki mwaka 2005. Askari wengi vijana wa leo walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wangali watoto wachanga alipozikwa, kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia.

Griffin alizaliwa Eldoret mwaka 1933, mtoto wa Kizungu katika koloni ambalo mambo yote, pamoja na elimu, yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Alisoma katika shule iliyoitwa Prince of Wales huko Nairobi, shule ya wavulana wa Kizungu peke yao, ambayo siku hizi inaitwa Nairobi School. Hakwenda chuo kikuu. Alipotoka shuleni alifanya kazi ya upimaji ardhi, na huenda angeimaliza kazi hiyo mpaka kustaafu, akapata shamba na nyumba yenye varanda kama wenziwe, lau si vita.

Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya kwa ajili ya kupambana na Mau Mau. Griffin aliingia katika jeshi la Keya akawa ofisa akiwa bado kijana sana. Wasomaji wetu wanaojua historia ya vita hivyo hawahitaji kuelezwa sana. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vya kulindwa. Mwezi Aprili 1954 majeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakapekua mtaa baada ya mtaa, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini. Katika makambi na vijijini yalitendeka mambo ambayo serikali ya Uingereza yenyewe, mwaka 2013, ilieleza masikitiko yake kwa ajili yake, ikakubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000 waliosalia.

Ofisa huyu kijana aliyaona. Mkataba wake ulipofika ukingoni alikataa kuongeza muda, kwa kuwa hakuridhika na namna vita ilivyokuwa ikiendeshwa. Sisi tunaoandika haya ni askari, na tunajua uzito wa neno hilo. Kukataa amri vitani ni jambo moja, na jeshi lolote lina sheria zake kuhusu hilo; kumaliza wajibu wako kwa heshima, kisha ukasema kwamba hutaendelea, ni jambo jingine, na aghalabu linataka ushujaa usiopewa nishani. Kwa mtu wa rangi yake, katika nchi ile na miaka ile, ilikuwa ni kujitenga na watu wake.

Wengi wangefikiri kwamba baada ya hapo angejiendea zake akasahau. Yeye alikwenda Manyani, kambi kubwa ya kizuizini iliyokuwa kando ya reli ya Mombasa, maana alijua kwamba ndani ya seng'enge mlikuwa na wavulana waliochanganywa na watu wazima. Baadhi yao walikuwa wamekula kiapo, baadhi walikuwa wamebeba chakula kupeleka msituni, na wengine hawakuwa na kosa ila kukutwa mahali pabaya siku mbaya. Vijana hao walitengwa wakapelekwa Wamumu, katika tambarare za Mwea, na Griffin akawa miongoni mwa waliowasimamia. Huko walifundishwa kusoma na kuandika, wakafundishwa useremala na ujenzi, wakacheza kandanda, wakapewa vyeo na wajibu. Badala ya kuwahesabu kama wafungwa, walihesabiwa kama kombania.

Hatupaswi kupamba. Wamumu ilikuwa bado ni kambi ya wakoloni, na serikali ilipenda kuipiga picha na kuionyesha kwa wageni ili dunia isitazame yaliyokuwa yakitendeka katika makambi mengine. Wanahistoria wameyasema hayo, na wamesema kweli. Hata hivyo kijana wa miaka kumi na mitano aliyetoka Manyani akajifunza randa na msumeno hakuwa picha. Alitoka na kazi mikononi. Griffin naye alitoka Wamumu na imani moja ambayo hakuiacha hadi kufa, yaani kwamba kijana aliyeharibikiwa hutengenezeka upesi zaidi akiaminiwa kazi yenye maana kuliko akichungwa.

Sasa tuje Nairobi. Sehemu ya mashariki ya mji ule, kuanzia Pumwani na Kariokor kwenda mbele, ilikuwa ndiyo sehemu ya Waafrika. Jina la Kariokor lenyewe, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Mitaa hiyo ilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja, kitanda kimoja na kipande kimoja shingoni, kwa kuwa serikali haikumtaka Mwafrika akae mjini na jamaa yake. Penye hesabu ya namna hiyo shule haziwezi kutosha. Basi Hali ya Hatari ilipowaondoa akina baba na akina mama, watoto walibaki barabarani, wakilala chini ya vibaraza vya maduka na kula makombo ya sokoni. Polisi wakawa wanawakamata, wanawarudisha mashambani, nao wanarudi tena, kwa maana huko mashambani hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Wakati huo Griffin alikuwa amepewa kazi ya kuandaa vilabu vya vijana. Pamoja na Wakenya wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alipata kiwanja cha kilabu kimoja katika sehemu iliyoitwa Starehe. Fedha hazikuwapo. Makampuni ya mafuta ya Shell na BP yalitoa mabanda mawili ya bati, na tarehe 14 Novemba 1959 watoto wa kwanza wakaingia humo wakalala. Mwanzilishi alikuwa na umri wa miaka 26. Tungependa wasomaji wetu wenye umri huo watue kidogo juu ya jambo hilo.

Jina la Starehe halikubuniwa kwa mzaha, ni jina la mahali, lakini hapakuwa na starehe yoyote. Palikuwa na mabati, uji, na ratiba. Watoto waliamka mapema, wakafagia, wakafua, wakasoma. Haikupita muda mrefu ikaonekana kwamba kuwalisha tu hakutoshi, kwa sababu mtoto aliyeshiba akakosa elimu atarudi barabarani akiwa na nguvu zaidi ya kukimbia polisi. Madarasa ya msingi yakafunguliwa, yakafuata ya sekondari, yakafuata na mafunzo ya ufundi. Fedha zilitoka kwa wafadhili, baadhi yao watu binafsi wa ng'ambo waliokubali kila mmoja kumlipia mtoto mmoja, na mashirika kama Save the Children. Serikali ya Kenya huru ilileta walimu. Hivyo Starehe ikawa kiumbe cha namna ya pekee: shule ya kitaifa yenye walimu wa serikali, lakini iliyoota mabatini kwa ajili ya watoto wasio na kitu.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha maisha yake.

Jambo la kwanza lilikuwa karo. Griffin hakutaka shule ya mayatima peke yao, wala hakutaka shule ya matajiri inayotupa nafasi chache kwa maskini. Sehemu kubwa ya wanafunzi walisoma bure kabisa. Wengine walilipa kadiri ya uwezo wa wazazi wao baada ya uwezo huo kuchunguzwa. Ndani ya bweni hakuna aliyejua nani amelipiwa na nani amejilipia, kwa kuwa sare ni ile ile, ugali ni ule ule, na ufagio hauchagui mkono.

Jambo la pili lilikuwa baraza. Kila juma shule nzima ilikusanyika, na mwanafunzi yeyote, hata wa kidato cha kwanza, aliweza kusimama akauliza au akalalamika juu ya chakula, mwalimu, kiranja, au amri ya mkurugenzi mwenyewe, naye mkurugenzi akajibu mbele ya wote. Wapo maofisa ambao wakisikia habari hii watatikisa kichwa. Sisi wenyewe tulipoisikia mara ya kwanza tulijiuliza nidhamu itasimamaje. Lakini Starehe ilijulikana Kenya nzima kwa nidhamu, na katika miaka ambayo shule nyingi za bweni zilipatwa na migomo na hata kuchomwa moto, yeye alikuwa na mahali ambapo hasira ilisemwa ikiwa bado ndogo. Asiyesikiliza manung'uniko ya kombania yake barazani atayasikia kwa njia nyingine.

La tatu lilikuwa madaraka. Viranja wa Starehe walipewa kazi za kweli: kuendesha mabweni, kusimamia usafi, kugawa chakula, kupokea wageni. Wanafunzi wa vidato vya juu walikwenda wakati wa likizo kufanya kazi bila malipo katika hospitali na ofisi za umma. Mtoto ambaye jana alikuwa akifukuzwa mlangoni mwa ofisi leo aliketi ndani akimwandikia mzee barua yake. Watu wa mji walianza kuijua sare ile, na bendi ya shule, iliyokuwa ikipiga matarumbeta katika sherehe za taifa, ikawafanya watoto wa mitaani wa jana wapite mbele ya viongozi wa nchi kwa mwendo wa gwaride.

Kenya ilipopata uhuru, serikali ya Mzee Kenyatta haikumtupa Mzungu huyu aliyewahi kuwa Keya. Mwaka 1964 iliundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, kwa ajili ya kuwapa kazi na mafunzo vijana wengi waliokuwa hawana la kufanya, na Griffin akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Alikaa katika kazi hiyo hadi 1988, na muda huo wote aliendelea kuiongoza Starehe. Mtu mmoja, kazi mbili, na kila moja ingetosha kummaliza mtu.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika, wala kila kilichokuwa kando yake hakikuwa na doa. Kwa miaka mingi miongoni mwa wasaidizi wake pale shuleni alikuwapo Patrick Shaw, ambaye pia alikuwa polisi wa akiba, mtu wa umbo kubwa aliyeogopwa na majambazi wa Nairobi kuliko polisi mwingine yeyote. Shaw alifariki mwaka 1988. Wengi waliokuwa wakiwindwa naye walikufa kwa risasi bila kufika mbele ya hakimu, na hadi leo wapo wanaomsifu na wapo wanaomlaani. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni polisi, na kwa kuwa lina uchungu wake: mchana mtu huyo alihudumu katika shule iliyookoa vijana wa barabarani, na usiku aliwakabili vijana wa barabara hizo hizo ambao hakuna shule iliyowaokoa. Sisi tunaona kwamba sheria haina zamu ya mchana na zamu ya usiku.

Katika mitihani, Starehe ilipanda hadi ikawa miongoni mwa shule za kwanza nchini, na katika miaka ya 1990 jina lake lilitokea juu ya orodha mara kwa mara. Kutoka mabatini yale walitoka madaktari, wahandisi, maofisa wa jeshi na mawaziri. Profesa George Magoha, daktari bingwa wa upasuaji ambaye mwaka 2019 alikuwa Waziri wa Elimu wa Kenya na aliyefariki mwaka 2023, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Starehe.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuwa wakweli kwa sajini wetu wa Nkombo, maana anaweza kutuuliza swali gumu. Kadiri Starehe ilivyopata sifa, ndivyo maombi yalivyoongezeka, maelfu wakigombania nafasi chache, na shule ikalazimika kuchagua wenye akili nyingi zaidi kati ya maskini. Je, yule maskini mwenye akili ya kawaida? Yeye alibaki Mathare, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka lango la Starehe. Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwezi Januari 2003, watoto walimiminika, na katika shule za umma za mitaa ya maskini ya Nairobi ilikuwa kawaida kukuta watoto zaidi ya 100 mbele ya mwalimu mmoja. Starehe moja haikuweza kuuponya mji. Sisi kwetu hapa Rwanda tuliyajua mambo hayo hayo: elimu ya msingi ya miaka tisa ilipoanzishwa mwaka 2009, ikawa ya miaka kumi na miwili mwaka 2012, watoto wengi waliingia, na shule zikawafundisha kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Mwaka 2020 serikali ilianza kujenga madarasa zaidi ya 22,000 ili kupunguza msongamano huo.

Kuta ni lazima, na asiyekubali hilo hajawahi kufundisha watoto 80 katika chumba cha watoto 40. Lakini ukiyachunguza maisha ya Griffin utaona kwamba mengi aliyoyafanya hayakuhitaji akili nyingi za mwanafunzi wala fedha nyingi za mfadhili. Baraza halina gharama. Kumpa kijana funguo za ghala hakuna gharama, ila hofu. Kumjua mtoto kwa jina lake hakuna gharama, isipokuwa muda. Haya yangeliweza kufanyika katika shule yoyote ya Mathare, au ya Kamembe, na ndiyo maana tunasikitika kwamba watu waliokwenda Starehe kujifunza mara nyingi walirudi wakisifu matokeo ya mitihani, wakaliacha baraza huko huko.

Hata Starehe yenyewe ilipata taabu bila yeye. Baada ya kifo chake wafadhili walipungua, uongozi ukabadilika mara kadhaa, na pakatokea misukosuko ambayo wazee waliosoma pale hawakutegemea kuiona. Yawezekana hilo ni kosa lake pia, kwa kuwa alikaa miaka 45 katika kiti kimoja, na kamanda anayekaa mno aghalabu husahau kumwandaa wa kushika baada yake. Tunalisema bila kumvunjia heshima.

Jambo lake la mwisho lilikuwa la wasichana. Kwa miaka mingi aliulizwa kwa nini Starehe iliwaokoa wavulana peke yao, na swali lilikuwa la haki, kwa sababu msichana wa Mathare alikuwa na hatari zake mwenyewe, kubwa kuliko za kaka yake. Hatimaye mwezi Januari 2005 Starehe ya wasichana ilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Wakati huo Griffin alikuwa anaugua saratani. Tarehe 28 Juni 2005 alifariki, akiwa na umri wa miaka 72, akazikwa pale pale shuleni.

Sajini wetu amepangiwa tena zamu ya Nkombo mwezi ujao. Tumemwekea nakala ya ukurasa huu, na tumemwomba akifika gatini awaulize wale vijana majina yao.